Mguu Uliovimba na Saratani Iliyojificha

Msomaji wa Morogoro ameuliza: "Mguu wa mama ulivimba, akapimwa akaambiwa damu imeganda kwenye mshipa. Akaanzishiwa dawa. Baadaye akakutwa na saratani ya kongosho. Ndugu wanasema dawa za kuzuia damu kuganda ndizo zilizoleta saratani. Ni kweli?"

Si kweli, na mama asiache dawa hizo bila kauli ya daktari wake. Kwa uwezekano mkubwa mambo yalikwenda kinyume na ndugu wanavyodhani: saratani ilitangulia, ikakaa kimya tumboni, na mguu ndio ukaifichua.

Kiungo kati ya mambo hayo mawili ni protini iitwayo tishu fakta. Seli zinazozunguka mishipa ya damu kwa nje zinayo tele, lakini damu inayopita ndani haikutani nayo. Mtu akijikata kidole akimenya viazi, damu humwagika nje ya mshipa na kuigusa. Protini hiyo humnasa mwenzake aliyemo ndani ya damu, fakta ya 7, na hapo kazi ya kugandisha huanza. Maabara za hospitali huitumia kila siku. Mgonjwa anayemeza warfarin, dawa ya kuzuia damu kuganda, anapokwenda kupimwa, mtaalamu hutia kitendanishi chenye tishu fakta kwenye maji ya damu yake, kisha huhesabu sekunde. Kwa mtu asiyetumia dawa, damu huganda ndani ya sekunde kama 11 hadi 14.

Sasa saratani. Seli za saratani, hasa za kongosho, huitengeneza protini hii kwa wingi na kumwaga vipande vidogo vilivyoibeba moja kwa moja kwenye damu. Mwili hudanganywa kwamba pana jeraha. Mgonjwa akiwa amelala kitandani kutwa au yuko kwenye matibabu ya kemikali, hatari huongezeka. Saratani za tumbo, ubongo na mapafu nazo zinajulikana kwa tabia hiyo.

Jambo lenyewe si geni. Daktari Mfaransa Armand Trousseau alilifundisha jijini Paris mwaka 1865: mgonjwa ambaye mishipa yake inaziba bila sababu, atafutwe saratani. Januari 1867 aliiona dalili hiyo kwenye mwili wake mwenyewe, akajua kinachomngoja. Alifariki Juni mwaka huohuo kwa saratani ya tumbo.

Ambacho Trousseau hakuweza kukijua ni kwamba protini hii ina sura mbili. Jeni ni moja, iko kwenye kromosomu ya 1, ila seli huweza kuyasoma maelekezo yake yote au kuruka kipande. Yakisomwa yote hutoka aina ndefu, iliyojishikiza kwenye utando wa seli; hiyo ndiyo mgandishaji hodari. Kipande cha 5 kikirukwa hutoka aina fupi isiyo na pa kujishikiza, hivyo huelea. Aina fupi ilitangazwa mwaka 2003, na nguvu yake ya kugandisha damu ni ndogo mno. Ila haikai bure. Hujibandika kwenye protini nyingine za juu ya seli, ziitwazo integrini, na kuchochea mishipa mipya ya damu kuota, nayo mishipa hiyo hulisha uvimbe. Panya wa maabara waliopandikizwa seli za saratani ya kongosho zenye aina fupi kwa wingi waliota uvimbe mkubwa zaidi.

Kwa hiyo dawa ya kuzuia damu kuganda humlinda mama asizibwe mapafu, lakini saratani yenyewe hutibiwa kwa dawa zake. Watafiti wameanza kuigeuza tishu fakta kuwa shabaha: mwaka 2021 Marekani iliidhinisha tisotumab vedotin, dawa inayoitafuta protini hiyo kwenye seli za saratani ya mlango wa kizazi na kuziingizia sumu. Bei ya dawa za aina hii ni mlima kwa familia nyingi, na hilo lisemwe wazi.

Wasomaji wengine wenye miguu iliyovimba wasipate hofu kupita kiasi. Kati ya watu 20 ambao damu yao imeganda mshipani bila sababu inayojulikana, takriban mmoja ndiye hukutwa na saratani ndani ya mwaka. Tena utafiti uliofanyika Canada na kuchapishwa mwaka 2015 uliona kuwa kuwapitisha wote kwenye CT scan ya tumbo hakukuongeza faida juu ya vipimo vya kawaida. Mweleze daktari kama unapungua uzito, unakosa hamu ya kula au una maumivu ya tumbo yasiyoisha. Yeye ataamua kipimo.

Mguu mmoja ukivimba ghafla na kuuma, usichuliwe kwa mafuta wala kukandwa, maana bonge la damu linaweza kung'oka na kwenda mapafuni. Nenda hospitali siku hiyohiyo. Kukiwa na kubanwa pumzi, kichomi au kukohoa damu, usisubiri hata saa moja.