MWITO WA IBADA NA USINGIZI WA JIRANI

Somo la juma
Kusoma: Hesabu 10:1-10, Mezali 27:14, Matayo 7:12



Hapa Goma kila kundi lina mwito wake. Waislamu wana adhana kabla ya mapambazuko, Wakatoliki wana kengele, nasi Wakimbangu tuna tarumbeta na vipaza-sauti vyetu. Adhana ikituamsha, tunasema: hawa wanatusumbua. Mkesha wetu ukivuma mpaka asubuhi, tunasema: hii ni kazi ya Bwana. Je, tunapima kwa mizani mbili?

1. Mungu alipima sauti
Musa aliamriwa kufanya tarumbeta mbili za fedha. Zote mbili zikipigwa, watu wote walikusanyika. Ikipigwa moja tu, walikuja wakubwa peke yao. Kila mlio ulikuwa na maana yake, na watu walipokwisha kuelewa, ulinyamaza. Mwito ni wa kukusanya watu, si wa kuonyesha nguvu ya mashine.

2. Baraka inaweza kuwa laana
Mezali inafundisha kwamba anayembariki mwenzake kwa sauti kubwa asubuhi mapema atahesabiwa kama amemlaani. Neno hili linatuhusu sana. Tangu volkano ya Nyiragongo ya Januari 2002 wengi wetu tulijenga nyumba za mbao juu ya mawe yale meusi. Ubao hauzuii sauti. Ng'ambo ya ukuta yuko mama aliyejifungua juzi, yuko mgonjwa, yuko mtu ambaye tangu milio ya silaha ya Januari 2025 anashtuka kwa kila kishindo. Anasikia kelele zetu, Neno halisikii.

3. Wazee wetu waliitwa bila kipaza-sauti
Papa Simon Kimbangu alianza kazi yake Nkamba tarehe 6 Aprili 1921. Aliwaambia watu waache ngoma, na hakuwa na mikrofoni. Hata hivyo maelfu waliacha kazi zao, wakaenda kwa miguu. Alikamatwa Septemba mwaka ule ule. Miaka mingi waumini walisali kwa siri, kwa sauti ya chini. Wengine walihamishwa mbali na kwao, mpaka Lowa. Serikali ilipolitambua Kanisa tarehe 24 Desemba 1959, lilikuwa limekwisha kuenea.

4. Tusimwombee jirani anyamazishwe
Machi 2018, katika wilaya ya Nyarugenge, Kigali, misikiti iliambiwa iache kutumia vipaza-sauti kwa adhana. Wengine waliuliza kama kupunguza sauti hakungetosha. Wakati huo huo makanisa zaidi ya 700 yalifungwa mjini humo, na kelele ilikuwa mojawapo ya sababu. Tazama: fimbo inayompiga jirani haiko mbali na mgongo wako. Sisi tuliokatazwa kusali tusifurahie katazo la mwingine.

Basi tufanye hivi: vipaza-sauti vielekee ndani; usiku tusali bila mashine; wazee wawatembelee majirani, na imamu pia, wawaulize bila hasira.

Maulizo
1. Jirani yako angesema nini juu ya ibada yetu?
2. Kipaza-sauti kikizimwa, maisha yako yangemwita nani kwa Mungu?

Bwana awabariki.