Moshi wa Mpera, Mvua ya Tukuyu

Wapishi wa Marekani wanaobanika nguruwe kwa moshi wanausifu sana mti wa tufaa. Wanasema moshi wake ni mpole na una utamu kwa mbali. Ukiutaka huo hapa Rungwe itabidi umbembeleze mtu wa Makete au Njombe, na mimi sioni haja. Mipera tunayo uani, mibuni tunayo shambani, na tangu maparachichi ya Hass yaanze kutuingizia fedha, watu wanapogoa kila baada ya mavuno na matawi yanalundikwa tu pembeni. Miti si shida yetu. Shida yetu ni mvua.

Tukuyu iko mita 1,500 hivi juu ya usawa wa bahari na kwa mwaka hupata mvua inayozidi milimita 2,000. Tawi ukiliacha nje linaota kuvu kabla halijakauka, na kuni yenye kuvu haifai kusogezwa karibu na chakula. Tawi bichi nalo likiwekwa juu ya mkaa linafuka moshi mweupe, mzito, na masizi yake yanagandia nyama na kuifanya chungu kama shubiri. Kwa hiyo kazi inaanzia jikoni, miezi kabla ya nyama. Kata vipande vya urefu wa kiganja, vipasue, kisha vipange kwenye uchaga juu ya mafiga unapopikia kila siku. Viache huko miezi miwili, mitatu. Vikikauka vinapasuka nyufa kwenye ncha, na ukigonganisha viwili vinalia kwa sauti kali. Wapo wanaoshauri kuviloweka kabla ya kupika. Jamani, tumehangaika kuvikausha, halafu tuvirudishe majini?

Mimi chaguo langu ni mpera. Ni mgumu, unaungua taratibu na moshi wake hauisumbui nyama. Mbuni unaukaribia, ila moshi wake una nguvu zaidi, hivyo weka kidogo. Mparachichi ni mwepesi na unaisha upesi, nauwekea kuku. Muulize mwenye shamba kama alipiga dawa karibuni, maana mibuni hupigwa mrututu na dawa nyingine nyingi. Mabanzi na maranda ya paina yamejaa kwenye mashine za mbao na mara nyingine ni ya bure, lakini utomvu wake unaharibu kila kitu. Mkaratusi vilevile. Mbao iliyotiwa dawa usiiguse kabisa.

Jiko ni pipa la lita 200 lililopasuliwa kwa urefu, nusu moja ikawa mfuniko wenye bawaba. Fundi wa kuchomelea anajua. Mwambie atoboe matundu chini upande mmoja, na juu ya mfuniko upande wa pili, ili moshi upite juu ya nyama ndipo utoke. Pipa liwe lilibeba mafuta ya kula, si dawa za shamba, na ulichome moto mkali likiwa tupu kabla ya kulipikia.

Nyama ni kitimoto, sehemu ya bega, kilo mbili, na mwenye bucha asiondoe mafuta yote. Nunua iliyopigwa muhuri wa mkaguzi. Nyanda zetu hizi zina tatizo la tegu wa nguruwe, na moshi hauui tegu. Kinachomuua ni joto lililofika katikati ya nyama. Jioni yake paka chumvi, vijiko viwili vya chai kwa kila kilo, na tangawizi iliyotwangwa. Mimi siweki zaidi ya hapo. Viungo vikizidi moshi hausikiki.

Siku yenyewe, washa mkaa upande mmoja wa pipa na usubiri ushike majivu. Nyama ikae upande usio na moto. Weka kipande kimoja au viwili vya mpera juu ya mkaa, funika, kisha tazama kinachotoka juu: moshi mwembamba, wa samawati kidogo, ndio tunaoutaka. Ukiwa mzito na mweupe, fungua matundu ya chini moto upate hewa. Ongeza kuni katika saa mbili za mwanzo, nyama ikiwa bado ina unyevu, kwa sababu wakati huo ndipo inaponasa moshi vizuri. Baada ya hapo mkaa peke yake unatosha. Hesabu saa nne au tano. Kila ukifunua kuchungulia unajiongezea muda, hasa Juni na Julai baridi ikiwa imeshika.

Imeiva pale kisu kinapoingia katikati bila kusukumwa na maji yanayotoka hayana wekundu. Mwenye kipimajoto cha nyama aivushe nyuzi 80. Iache ipumzike nusu saa, uikate ukingojea ndizi ziive kwenye mkaa uliobaki. Mfupa usimpe mbwa: kesho yake utumbukize kwenye sufuria ya maharage tangu yanapoanza kuchemka, na chumvi uonje kwanza kabla hujaongeza.