Umeme wa Kubeba Mkononi: Jifunze Kuunda Boksi Lako la Sola

Wasomi, tuanze na nyumbani. Bonde letu la Kilombero lina mitambo miwili mikubwa ya umeme wa maji jirani: Kidatu yenye megawati 204 na Kihansi, upande wa Mlimba, yenye megawati 180. Umeme wake unaingia gridi ya Taifa. Lakini msimu wa mpunga ukifika, mama yangu anatoka Ifakara mjini, anavuka mto na kuhamia shambani, na huko dunguni mwanga ni wa kibatari. Mdogo wangu wa kidato cha nne alikwenda naye likizo kulinda ndege, akawa anasomea kibatari hichohicho. Nikaona bumu la muhula huo lazima lifanye kazi.

Nilichounda ni boksi dogo la umeme wa jua, la kubeba. Nitaeleza nilivyofanya, na pale nilipokosea pia.

Hatua ya 1: Piga hesabu kabla ya kwenda dukani

Wengi wetu tunanunua paneli kwanza, halafu ndiyo tunauliza itawasha nini. Anza na matumizi. Chukua wati za kila kifaa, zidisha kwa saa utakazokitumia. Mahitaji yetu ya usiku mmoja, nikiwepo mimi:

- Taa 3 za LED za wati 5, saa 5: wati-saa 75
- Simu 2, kila moja wati-saa 15: wati-saa 30
- Kompyuta mpakato ya wati 45, saa 3: wati-saa 135

Jumla ni 240. Ongeza robo kwa sababu ya umeme unaopotea kwenye inveta na waya: 300.

Hatua ya 2: Chagua vifaa

*Paneli.* Ukikadiria saa 4 za jua kali kwa siku, 300 gawanya kwa 4 ni wati 75. Chukua ya wati 100, maana masika ya huku unayajua.

*Betri.* Ya asidi usiitumie zaidi ya nusu ya uwezo wake, itakufa mapema. Kwa hiyo unahitaji wati-saa 600. Gawanya kwa volti 12, unapata ampea-saa 50. Betri ya namna hiyo ina kilo 15 hivi, kuibeba ni shughuli. Ya lithiamu (ile ya fosfeti ya chuma) unaweza kutumia hadi asilimia 80, kwa hiyo ampea-saa 30 zinatosha, na ni nyepesi sana. Bei yake iko juu, ila inadumu miaka mingi zaidi.

*Kontrola.* Wati 100 kwa volti 12 ni kama ampea 8, basi ya ampea 10 inatosha. Hakikisha inakubali aina ya betri yako.

*Inveta.* Ya wati 150. Pasi na hita sahau kabisa.

*Fyuzi.* Inveta hiyo ikifanya kazi kwa nguvu zote inavuta karibu ampea 15 kutoka kwenye betri. Weka fyuzi ya ampea 20, na waya mnene wa milimita 4 za mraba, mfupi kadiri inavyowezekana.

Hatua ya 3: Kuunga

Fuata mpangilio huu. Kwanza betri kwenye kontrola, ili kontrola itambue volti. Pili paneli kwenye kontrola. Tatu taa na soketi ya simu kwenye mdomo wa matumizi wa kontrola. Inveta iunge moja kwa moja kwenye betri kupitia fyuzi. Usiipitishe kwenye kontrola, itaiunguza. Ukitaka kufungua, anza na paneli, betri iwe ya mwisho. Chanya na hasi zihakiki mara mbili kwa mita.

Sasa kosa langu. Mara ya kwanza nilitumia debe la bati kama boksi, na fyuzi sikuweka, nikaona ni mapambo. Waya ukawa unasuguana na ukingo wa tundu nililotoboa, ganda likachubuka, ikapiga shoti usiku. Moshi ulipanda kando ya chandarua, na juu yake paa la nyasi. Mdogo wangu alikuwa amelala humo. Niliwahi kuchomoa, lakini mikono ilitetemeka mpaka asubuhi. Fyuzi ndiyo kitu cha bei ndogo kuliko vyote kwenye orodha. Iweke karibu kabisa na chanya ya betri, na nyingine kwenye waya wa kontrola. Boksi liwe la mbao au plastiki ngumu, lenye matundu ya hewa.

Hatua ya 4: Kutega jua

Huku tuko kusini mwa Ikweta, kama nyuzi 8. Elekeza paneli kaskazini, iinamishe nyuzi 10 hadi 15 ili mvua ioshe vumbi. Angalia kivuli cha mwembe: kikifunika kipande kidogo tu, umeme unashuka sana.

Nilivyorudi chuo, kompyuta nikaondoka nayo. Mama akapiga simu: majirani wa madungu ya karibu wanaleta simu zao kuchaji, je, betri itaweza? Nikapiga hesabu. Zile wati-saa 135 zangu ni sawa na simu 9. Nikamwambia aendelee, ila zisizidi hapo. Likizo ijayo sijui nani atampisha nani.