Kiingereza cha Soko: Mifuko "were sold", Fedha "was paid"

Taarifa nyingi za biashara zinazomfikia mfanyabiashara wa Afrika Mashariki huandikwa kwa Kiingereza: matokeo ya mnada wa chai, matangazo ya kampuni kwa wenye hisa, barua za mawakala wa meli. Karibu zote hupenda kauli ya kutendwa. Hazisemi nani aliuza, zinasema mali iliuzwa. Msomaji mwenye haraka huweza kudhani fedha zimeshalipwa, kumbe zimetangazwa tu. Somo la wiki hii linahusu kauli hiyo katika wakati uliopita, hasa pale mali inapokuwa katika wingi.

MUUNDO WAKE

Kiswahili husema "gunia liliuzwa" na "magunia yaliuzwa". Kinachobadilika ni kiambishi cha mwanzo, kwa kufuata ngeli. Kiingereza hakina ngeli za namna hiyo. Kazi hiyo hufanywa na neno dogo: "was" kwa umoja, "were" kwa wingi. Kitenzi kikuu hufuata katika umbo lake la tatu na hakibadiliki kamwe: "The bag was sold", "The bags were sold".

Vitenzi vingi vya soko huishia na -ed: "offered", "shipped", "rejected", "declared". Vingine havina budi kukaririwa: "sold", "bought", "paid", "sent", "withdrawn". Anayeandika "the bags was sold" ataeleweka, lakini barua yake itaonekana ya mtu asiye makini. Anayeandika "the bags were sell" anaweza asieleweke kabisa.

NI KIPI KILICHOTENDWA?

Neno lililo karibu na kitenzi silo linaloamua kila mara. "A consignment of mangoes was rejected" maana yake shehena ndiyo iliyokataliwa, yaani yote. "Some mangoes in the consignment were rejected" maana yake ni baadhi tu ya maembe. Kwa msafirishaji, kati ya sentensi hizo mbili kuna hasara kubwa na hasara ndogo.

Kiasi cha fedha huhesabiwa kuwa kitu kimoja: "Five million shillings was paid". Kinyume chake, "goods", "proceeds" na "arrears" hubaki katika wingi hata kama mali ni sanduku moja: "The goods were delivered". Nayo "equipment" na "information" hubaki katika umoja hata kama mashine ni ishirini: "The equipment was delivered". Kwa hiyo "was" na "were" pekee hazitoshi kumwambia mpokeaji amepelekewa vitu vingapi. Idadi itafutwe kwenye ankara.

KULETWA SOKONI SI KUUZWA

Mnada wa chai wa Mombasa, ulioanzia Nairobi mwaka 1956 na kuhamia pwani mwaka 1969, ni shule nzuri ya jambo hili. Chukua mfano wa sentensi hii: "Of the 9,000 packages offered, 7,200 were sold". Neno "offered" halikutanguliwa na "were", lakini nalo ni kutendwa. Ni sawa na "zilizo-" ya Kiswahili, yaani paketi zilizoletwa mnadani. Zilizouzwa ni asilimia 80. Paketi 1,800 zilibaki bila mnunuzi. Anayesoma namba ya kwanza peke yake ataona soko lenye afya kuliko lilivyo.

Kwenye hisa mambo ni hayo hayo. Mwaka 2008 hisa bilioni 10 za Safaricom "were offered" kwa umma, kwa shilingi 5 za Kenya kila moja kwa wawekezaji wa ndani. Maombi yalizidi hisa zilizokuwapo mara kadhaa. Hisa zilizoombwa, "applied for", zilikuwa nyingi. Zile ambazo mwombaji aligawiwa, "allotted", zilikuwa sehemu tu ya alizoomba, na fedha za ziada "were refunded". Kwa aliyekopa benki ili aombe nyingi, tofauti ya maneno hayo ilikuwa riba juu ya hisa asizozipata.

Vivyo hivyo "dividends were declared" maana yake gawio lilitangazwa. "Dividends were paid" maana yake lilishalipwa. Kati ya matukio hayo huweza kupita wiki kadhaa, na asiyekuwa kwenye daftari la wenye hisa siku ya kulifunga hapati kitu. Ikiandikwa "dividends were to be paid in June", msomaji aongeze tahadhari. Yalikuwa yalipwe Juni. Sentensi haithibitishi kwamba yalilipwa.

MITEGO YA "BY"

Baada ya kauli hii hufuata mara nyingi neno "by", nalo lina sura tatu. "The shares were bought by foreigners": hisa zilinunuliwa na wageni. "The goods were to be delivered by Friday": mali ilikuwa ifikishwe si baada ya Ijumaa. "Prices were raised by 10 shillings": bei ilipandishwa kwa shilingi 10. Sentensi hii ya mwisho isichanganywe na "raised to 10 shillings", ambapo shilingi 10 ndiyo bei mpya.

PASIPO MTENDAJI

Hatari kubwa zaidi ni "by" inapokosekana. Barua ikisema "The boxes were damaged", haijasema nani aliharibu. Tena ina maana mbili. Inaweza kuwa tukio: maboksi yaliharibiwa. Inaweza kuwa hali: maboksi yalikuwa yameharibika tayari yalipopokelewa. Kwa mwenye kudai bima, tofauti hiyo ndiyo kesi yenyewe, kwa kuwa inaamua kama mzigo uliharibikia melini, bandarini au katika ghala lake mwenyewe.

Mpokeaji wa barua kama hiyo asiijibu kwa kushukuru. Aulize kwa maandishi mambo mawili: "By whom, and on what date?" Naye anapoandika madai yake, amtaje mtendaji kama anamjua, na aweke tarehe: "Twelve boxes were found damaged on arrival, 3 March". Neno "found" linaonyesha kwamba uharibifu ulionekana mzigo ulipofika, si baadaye.

ZOEZI

Msomaji ajaribu kufasiri sentensi hizi kabla ya kutazama majibu.

1. "The proceeds were to be sent by Monday."
2. "The number of bags rejected was 40."
3. "Fees were reduced by 200 shillings."

Majibu: (1) Fedha za mauzo zilikuwa zipelekwe si baada ya Jumatatu, haijulikani kama zilipelekwa. (2) Idadi ya magunia yaliyokataliwa ilikuwa 40. "Was" inafuata "number", si "bags". (3) Ada ilipunguzwa kwa shilingi 200; ada mpya haikutajwa.

Kabla ya kutia saini hati yoyote yenye "were", mfanyabiashara ajiulize: ni mali gani, ni ngapi, nani aliyetenda, na je, jambo limekwisha kutendeka? Swali lisilo na jibu katika hati liulizwe kabla ya kalamu kushikwa.