Je, Mimea ya Chungu Husafisha Hewa ya Ndani?

Kamati ya usharika mmoja wa pembezoni mwa Temeke ilituletea ombi la vyungu ishirini vya mimea kwa ajili ya darasa la chekechea. Sababu iliyoandikwa ni kusafisha hewa, kwa kuwa watoto wanakohoa. Tulipofika tulikuta jiko la mkaa la kupikia uji liko chini ya dirisha pekee la darasa hilo.

Habari za mimea kusafisha hewa si uongo mtupu. Mwaka 1989 Bill Wolverton wa NASA, shirika la anga la Marekani, alitoa ripoti ya majaribio yake. Mimea iliwekwa ndani ya masanduku yaliyofungwa kabisa pamoja na gesi kama benzini na fomaldehaidi (hii ya pili hutoka kwenye gundi za samani na baadhi ya rangi), na gesi hizo zikapungua. Kati ya mimea hiyo zilikuwamo drasina, jamii ya isale ambalo ndugu zetu wa Kilimanjaro hupanda mpakani na hulitumia kuombea msamaha.

Lakini nyumba si sanduku. Mwaka 2019 Bryan Cummings na Michael Waring wa Chuo Kikuu cha Drexel, Marekani, walipitia upya majaribio ya namna hii. Waliona kuwa ili mimea ilingane na kazi ya hewa inayopita kwa kawaida ndani ya jengo, inahitajika kati ya mimea 10 na 1,000 kwa kila mita ya mraba. Chumba cha kupanga cha mita tatu kwa tatu kule Mbagala au Bunju kingehitaji vyungu 90 kwa uchache. Kitanda kitakaa wapi?

Hatari kubwa kwetu ni jiko. Msimu wa mvua watu huliingiza ndani na kufunga madirisha kwa kuogopa mbu na wezi. Mkaa ulioshika vizuri hauonyeshi moshi, na hapo ndipo wengi hudanganyika, maana bado unatoa kaboni monoksidi, gesi isiyo na rangi wala harufu. Mtu huumwa kichwa, hupata kizunguzungu na kichefuchefu, na akilala humo anaweza asiamke. Hakuna chungu cha maua kitakachomwokoa. Jiko litoke nje, hata kama ni chini ya kibanda cha bati, na chumba kipate matundu pande mbili yenye wavu wa mbu.

Wanaopenda mimea waendelee kuipanda, ila wamwage maji ya visahani. Mbu wa dengue, ugonjwa uliolipuka Dar es Salaam mwaka 2014 na tena 2019, huzaliana humo.

Kamati ile ilikubali kubadilisha ombi. Fedha zilitumika kutoboa dirisha la pili na kujenga banda la jiko nyuma ya darasa. Vyungu vitatu vilinunuliwa kwa mchango wa wazazi, navyo vinapendeza sana pale mlangoni.