Risasi Ilipatikana Mlangoni: Kiswahili na Taaluma ya Uchunguzi wa Jinai

Utangulizi
Chuo Kikuu cha Teknolojia cha Dedan Kimathi, kilichoko Nyeri, kinafundisha kriminolojia. Chuo Kikuu cha Chuka, upande wa pili wa Mlima Kenya, nacho vilevile. Makala haya yanafafanua taaluma hiyo na kazi zake, kisha yanaonyesha nafasi ya Kiswahili ndani yake.

Taaluma na kazi zake
Kriminolojia huuliza kwa nini watu hutenda uhalifu na jamii iuzuie vipi. Forensiki huuliza ni nini kilichotendeka, na ni nani aliyekitenda, kwa kuchunguza alama za vidole, vinasaba, hati na silaha. Kwa hiyo, mhitimu wa kriminolojia huelekea zaidi kwenye upelelezi, magereza, urekebishaji tabia, usalama wa benki au uchunguzi wa madai ya bima. Kazi ya maabara aghalabu hudai msingi wa kemia au biolojia. Uchunguzi wa maiti hudai udaktari kwanza. Asiyeijua tofauti hii mapema huenda akahitimu na kukuta mlango alioutazamia umefungwa.

Tatizo la istilahi
Matokeo ya maabara hayajisemei mahakamani; hubebwa na maneno. Itazamwe sentensi hii: "Risasi ilipatikana mlangoni." Katika Kiswahili, "risasi" ni madini, ni kichwa kinachoruka, na ni kitu kizima kabla ya kufyatuliwa. Ikiwa kilichookotwa ni ganda lililotemwa na bastola, yamkini mfyatuaji alisimama karibu na mlango. Ikiwa ni kichwa, yamkini mlango ndio uliolengwa. Neno moja laweza kumhamisha mshukiwa kutoka upande mmoja wa chumba hadi mwingine.

Nyeri ina kumbukumbu nzito ya jambo hili. Novemba 1956, Dedan Kimathi alishtakiwa mjini humo kwa kupatikana na bastola na risasi. Mahakama iliendeshwa kwa Kiingereza, naye Kimathi akazungumza Kikuyu kupitia mkalimani. Alinyongwa tarehe 18 Februari 1957. Hukumu ya kifo ilipitia kinywa cha mfasiri.

Hitimisho
Katiba ya Kenya ya mwaka 2010, kifungu cha 50, inampa mshtakiwa haki ya mkalimani bila malipo iwapo haelewi lugha ya kesi. Haki hiyo hubaki tupu ikiwa mkalimani hana istilahi. Ni wajibu wa idara za Kiswahili kuketi pamoja na walimu wa kriminolojia, waafikiane tofauti ya "ganda" na "kichwa", "mshukiwa" na "mshtakiwa", "kielelezo" na "ushahidi". Mwanafunzi wa isimu anayetafuta kazi asiyapite majengo ya taaluma hii akidhani kwamba humo hamna lake. Wahenga walisema mwenye macho haambiwi tazama. Lakini hakimu, ambaye hakuwapo penye tukio, hana budi kuambiwa, tena kwa neno lililo sahihi.