Mchezo wa Mtoto Usiwagawanye Wazazi

Katika nyumba nyingi ugomvi wa jioni huanza na jambo dogo. Mtoto ameketi sakafuni, anajenga nyumba kwa vifuniko vya chupa. Baba anaingia na kuuliza, “Huyu hana kazi ya shule?” Mama anajibu, “Mwache, ni mtoto.” Baba huona mama anamdekeza mtoto, na mama huona baba ni mkali mno. Naye mtoto anajifunza kwamba kuna mzazi wa kitabu na mzazi wa mchezo, na kwamba akikatazwa na mmoja atamkimbilia mwingine.

Je, ni kweli kwamba mchezo na masomo ni maadui? Tuitazame familia moja ya Denmark, huko Ulaya.

Seremala na wanawe

Ole Kirk Kristiansen alikuwa seremala katika kijiji cha Billund. Mwaka 1932 uchumi wa dunia ulikuwa umeanguka, na wakulima hawakuwa na fedha za kujenga. Mwaka huohuo mkewe, Kristine, alifariki, akamwachia wana wanne. Ole Kirk akaanza kutengeneza vyombo vidogo vya nyumbani, pamoja na magari na wanyama wa mbao wa kuchezea. Mwanawe Godtfred, mwenye umri wa miaka 12, alimsaidia karakanani. Mwaka 1934 kazi yao ilipewa jina LEGO, kutokana na maneno mawili ya Kidenmaki yenye maana ya “cheza vizuri”.

Godtfred alipokuwa mtu mzima alisimulia kisa hiki. Siku moja alipeleka bata wa mbao kwenye stesheni ya gari la moshi, akarudi akijisifu kwamba ameokoa fedha, maana amewapaka vanishi mara mbili badala ya tatu. Baba yake alimwamuru arudi kuwachukua wote, awapake mara ya tatu, tena peke yake, hata kama ingemchukua usiku kucha. Kwa seremala huyo, kitu cha mtoto hakikufaa kufanywa nusunusu.

Vitofali vya plastiki vinavyoshikana, ambavyo vimeipatia familia hiyo sifa duniani, viliandikishwa kisheria kwa umbo lao la sasa mwaka 1958. Vitofali sita tu vya rangi moja, vyenye vinundu vinane kila kimoja, vyaweza kuunganishwa kwa njia zaidi ya milioni 915. Mtoto haambiwi jibu ni lipi. Analitafuta kwa mikono yake.

Tujifunze nini?

1. Mchezo ni kazi ya mtoto. Anayejenga anahesabu, anapima na kulinganisha. Nyumba yake ikianguka anajifunza kuvumilia na kuanza upya. Akicheza na wenzake anajifunza kungoja zamu na kushindwa bila hasira.

2. Si lazima kununua. Vitu vya dukani ni ghali, na hakuna haja ya kukopa ili mtoto acheze. Gari la waya, mpira wa matambara, bao na kuruka kamba vina mafunzo yaleyale. Mtoto aliyejitengenezea gari lake amejifunza mara mbili.

3. Semeni neno moja. Panganeni mkiwa wawili, watoto wasipokuwepo: saa ya kazi ya shule ni ipi, na ya kucheza ni ipi? Mkishakubaliana, mmoja asivunje aliloahidi mwenzake.

4. Msimwachie mama peke yake. Baba anayekaa chini dakika 20 kucheza na watoto hapunguzi heshima yake. Mke humwona kuwa mwenzi katika malezi, na huo ni upendo unaoonekana.

Kumbukeni pia kwamba Kenya iliridhia Mkataba wa Haki za Mtoto mwaka 1990, na kifungu chake cha 31 kinatambua haki ya mtoto kupumzika na kucheza. Basi tusimpe mtoto mchezo kana kwamba ni zawadi ya kubembelezea.

Maswali ya mume na mke

- Utotoni mwako ulicheza nini, na mchezo huo ulikufundisha nini?
- Ni lini mara ya mwisho sisi wawili tulicheza na watoto wetu?
- Je, kuna jambo ambalo watoto huliomba kwangu kwa sababu wewe umelikataa? Tutalitengeneza vipi?